Kibati cha Kengele na Posa ya Kibuyuni

Samaki yule hakuwa wa kwetu, na watu walikuwa na haki ya kumtilia shaka. Aliletwa na mzungu wa shamba la miwa, ndani ya mapipa juu ya lori, akiwa mdogo kama punje ya mchele, akamwagwa katika bwawa lililochimbwa kwa ajili ya kumwagilia miwa. Mzungu alituambia kwamba samaki huyo ni chotara: baba yake aina moja, mama yake aina nyingine, na kwamba kwao huzalishwa hivyo kwa makusudi, maana hukua upesi na hupigana sana kwenye mshipi. Tuliposikia neno chotara tulitazamana. Alipokua tulimwona vizuri: mweupe kama bati jipya, na mistari myeusi ubavuni iliyokatika katikati, kama kwamba aliyekuwa akiichora aliitwa akaenda. Wazee wa upande ule wa Msambweni walisema kiumbe asiyejulikana kwao asiliwe mpaka aulizwe mwalimu wa chuoni. Mwalimu akasema samaki ni samaki, ni halali, kisha akaondoka kabla hajaulizwa la pili.

Mimi wakati huo nilikuwa mtu wa pampu. Skuli nilikaa miaka miwili, baba akafariki, nikaingia kukata miwa. Kutoka kwenye panga hadi kwenye pampu hakuna aliyenishika mkono. Fundi wa pampu alikuwa mchoyo wa kazi yake. Kila alipofungua kifuniko alinipa mgongo, nami nikazunguka upande wa pili nikachungulia. Siku alipougua mashine ikazimika, na aliyeiwasha ni mimi. Tangu siku hiyo nimeshika kwamba mtu anayekutazama mikono anaitaka kazi yako, kwa sababu mimi nilikuwa mtu huyo.

Mzungu naye nilimtazama mikono. Kaskazi ikikolea, maji ya bwawa hupungua na kupata moto. Chotara hukaa chini kwenye ubaridi mchana kutwa, na huja juu asubuhi tu, jua likiwa halijauma, kuwafukuza vidagaa. Utaona maji yanachemka mahali pamoja kama sufuria ya wali, kisha kimya, kisha yanachemka pengine. Hapo ndipo mzungu alipokuwa akirusha kijipande cha chuma king'aacho, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye ndoana moja nyuma. Chambo hakuna. Wenzangu walidhani ule mng'ao ndio kila kitu. Mimi nilimwangalia misimu mitatu kwenye dirisha la pampu nikaona jambo jingine: alikuwa akirusha, akikiacha kizame, akivuta kidogo, akikiacha kianguke tena. Samaki alikuwa akikipiga pale kinapoanguka, maana kidagaa aliyeumia huanguka vivyo hivyo, akipepesuka.

Bendera ilipobadilishwa mzungu alifunga mizigo yake. Fimbo zake za kuvulia alikwenda nazo, samaki hakuweza kwenda nao. Meneja mpya hakujali samaki. Alipiga marufuku nyavu tu, kwa sababu zilikuwa zikinyonywa na bomba na kuiziba pampu, mshipi aliruhusu. Basi watu wakaja na minyoo, na kamba, na unga wa kukanda. Wakapata perege wawili watatu. Chotara hakugusa chambo cha mtu.

Mimi nilikuwa na baiskeli. Kengele yake ilikuwa ya kung'aa hata unajiona pua ndani yake. Nikaivua kofia yake, nikaikata kwa msumeno wa chuma vipande sita, nikavigonga kwa nyundo vikabonyea kama jani la mkunde, nikavitoboa tundu huku na huku. Mshipi niliuzungusha juu ya kopo la maziwa. Asubuhi ya kwanza nilitoa chotara watatu kabla ya king'ora cha kiwanda. Tangu hapo barabarani nikawa napiga mbinja badala ya kengele.

Wanunuzi wangu walikuwa wafanyakazi wa bara waliokaa kambini, waliokuwa na hamu ya samaki wa maji baridi. Watu wa pwani walinunua pia, lakini kwa mlango wa uani. Na kila nilipofika juu ya tuta la bwawa nikawa namkuta mtu amechuchumaa. Mmoja alikuwa mwenzangu wa zamu pale kwenye pampu, tuliyekuwa tukipokezana kazi.

"Unawatilia nini hawa, bwana?"

"Riziki."

"Riziki haina umbo? Hebu fungua mkono."

"Fungua wako kwanza."

Nilijua siku yoyote atakiona kibati, na kesho yake tuta zima litajaa watu. Ndipo nikafanya lile nililolifanya. Asubuhi moja, naye yuko karibu, nilikifumbata kibati nikakipeleka mdomoni nikakinong'onea. Neno moja la uganga sikulisema, wala silijui. Nilikuwa nikitaja vyombo vya pampu: vali, pistoni, washa, gasketi, bomba la kunyonya, bomba la kutema. Kisha nikatema mate upande wa kushoto, nikarusha. Bahati ikawa kwamba samaki alishika pale pale. Mwenzangu alirudi nyuma hatua nne. Nilizihesabu.

Baada ya wiki mbili tuta lote lilikuwa langu. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa shamba lile.

Sasa, msichana. Sauti yake niliisikia kabla ya kuiona sura yake, katika harusi ya jamaa zetu Shimoni. Alikuwa akigawa sahani za pilau upande wa wanawake, na mama mmoja aliponyoosha mkono mara ya pili alimwambia, "Mama, ile ya kwanza umemkopesha nani?" Nilicheka peke yangu nje ya ua kama mwehu. Nikauliza ni wa nani. Nikaambiwa ni wa Kibuyuni, baba yake ni msukaji wa madema, ile mitego ya fito inayozamishwa baharini na chambo ndani yake. Sikumtaka mwingine baada ya hapo, na niliyemtuma kupeleka posa ni mjomba wangu, ndugu wa mama, maana kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye neno.

Mjomba alirudi siku ya tatu. Aliketi bila ya kuvua kofia.

"Wamekataa?" nikamuuliza.

"Wangekataa ningekupigia kelele tangu njiani. Wameuliza."

"Waulize nini? Ukoo wanaujua. Kazi ninayo."

"Wameuliza samaki wako wanakula nini."

Nilihisi masikio yanapata moto. Kutoka bwawani hadi Kibuyuni ni mwendo mrefu, na nilijua vizuri ni mdomo gani ulioutembea. Mjomba akaendelea kwa sauti ya yule mzee, maana alikuwa hodari wa kuiga watu:

"'Mimi nimevua tangu sijaota ndevu. Samaki hali chuma. Akila chuma, basi ameamriwa. Na mtu anayemwamuru samaki, atashindwa kumwamuru binti yangu?'"

"Ni uongo, mjomba!"

"Uongo wa nani? Mimi mwenyewe nimekuona unanong'ona."

"Nilikuwa nikitaja vyombo vya pampu."

"Vyombo vya pampu," akarudia, polepole. "Mpwa wangu, ukitaka kuwaongopea wakwe, tafuta uongo wenye adabu kidogo."

Hata mjomba wangu, aliyenibeba mgongoni, hakunisadiki. Hapo ndipo nilipoogopa.

Wiki iliyofuata mzee alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya pampu, mfupi, mikono imejaa makovu ya fito.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa vyuma?"

"Mimi ni wa pampu."

"Pampu haikuniletea posa." Akaingia, akatazama mashine, akatazama rafu, akatazama kopo langu la mshipi. "Nimekuja na njia mbili. Ya kwanza, twende tukale kiraho cha papai."

Kiraho ni kiapo cha kwetu. Mganga hulikata papai akalisemea, mkala wote wawili, mwenye kushuku na mwenye kushukiwa, na mwongo huvimba midomo mbele za watu.

"Si heri niape kwa msahafu, mzee? Msikitini?"

"Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema, mwanangu, humsamehe hata mwongo. Papai halisamehe mtu."

"Na swali litakuwa lipi?"

"Ni moja. Je, umewahi kukisemea kile chuma maneno kabla ya kukitupa majini?"

Angeuliza kama mimi ni mchawi, wallahi ningelila papai lile na maganda yake na mbegu zake. Lakini maneno? Maneno nilikuwa nimeyasema, karibu kila asubuhi ya Mungu. Papai lingejuaje kwamba ni vali na gasketi?

"Na njia ya pili?"

"Nionyeshe. Si kwa mdomo. Nipe chuma nivue mimi."

Ndipo nilipoiona ncha ya mshipi ikichungulia mfukoni mwa koti lake. Mshipi mpya. Nikajiuliza, mtu aliyekuja kumpeleleza mkwe mshipi wa nini? Nikaona huyu hana shaka na mimi hata chembe. Huyu amesikia habari za samaki, amekuja kuichukua kazi yangu, na binti yake ni kisingizio tu.

"Mzee, mshipi huo ni wa nini?"

"Na spana hiyo mfukoni mwako ni ya nini?"

Nilikuwa na spana kweli. Sikuridhika. Nikamwomba akalale kwa mjomba, tukutane asubuhi bwawani.

Siku ile kutwa nilitembea na jambo hilo kichwani. Kwanza niliazimia kumpa kibati kikubwa, kile cha kijiko cha chai nilichokijaribu zamani, ambacho samaki hawakitazami wakati wa joto kwa sababu vidagaa huwa bado wadogo sana. Angerusha mpaka mkono ukamtoka asipate kitu. Kisha nikaona: yeye akikosa, na mimi nikapata kwa changu, si ndiyo itathibiti kwamba ni maneno yangu? Nimemkosa msichana. Na nikimpa kile kizuri akapata, ameijua kazi. Nilipofika hapo akili ilisimama kama pampu iliyoingia hewa.

Asubuhi nilikwenda na vile vya kengele. Nilichagua kilicho bora nikakifunga kwenye mshipi wake mwenyewe, ili asije akasema mshipi wangu una jambo. Mwenzangu wa zamu na watu wengine walikuwa wamesimama ng'ambo, kwenye ukingo wa miwa, wanajifanya wanapita. Mzee akasema "Bismillahi" kwa sauti kubwa, wasikie wote, akarusha pale maji yalipokuwa yakichemka. Akavuta mbio mbio. Hakuna. Akarusha tena, akavuta kama mtu anayepandisha dema kutoka chini ya bahari. Hakuna. Mara kumi, mara kumi na tano.

"Kuna kitu unaficha," akasema bila ya kunigeukia.

Nilikuwa nikificha kweli. Kibati nilikuwa nimempa, mkono sikumpa. Nikautazama mshipi ule mpya, nikaitazama shingo yake iliyokaza, na nikajua nikinyamaza dakika tano tu atakunja mshipi wake na kwenda zake Kibuyuni, na sauti ile ya kwenye ua nitaisikia katika harusi ya mwingine.

"Unavuta upesi mno," nikasema. "Kiache kife."

"Kife?"

"Kidagaa anayekufa hana haraka. Kitupe, kiache kishuke, ukiguse tu, kishuke tena."

Alinigeukia, na mara hii hakunitazama kama mkwe. Alinitazama kama mvuvi. Akarusha. Akakiacha. Mshipi ulilegea, ukasita, kisha ukanyooka ukakata maji, na mzee akapiga yowe ambalo hakukusudia watu walisikie.

Alipomtoa chotara juu ya nyasi hakushangilia. Alitoa kisu, akampasua tumbo pale pale, akaingiza vidole. Akatoa vidagaa wawili ambao walikuwa hawajasagika. Akawalaza juu ya jani, akakiweka kibati changu kati yao. Vilikuwa vitatu vya kipimo kimoja. Alichuchumaa akavitazama mpaka inzi wakaja.

"Kwa hiyo wewe si mchawi," akasema.

"Si mchawi, mzee."

"Wewe ni mwongo."

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwa ukinong'ona nini?"

Nikamtajia, kwa utaratibu wake, kuanzia vali hadi bomba la kutema.

"Gasketi ndiyo nini?"

"Kipande cha kuzuia maji yasivuje."

"Na hiyo ukamsomea samaki."

"Ndiyo."

Mabega yake yalitikisika kidogo. Huenda ilikuwa ni kikohozi. Kisha akasimama. "Mchawi nisingempa binti. Mwongo nitampa, lakini si mwongo wa siri. Ijumaa baada ya sala utasimama kwenye baraza ya msikiti, uwaambie watu hivi ulivyoniambia mimi, na chuma uwaonyeshe."

"Mzee, watanimalizia kazi yangu!"

"Na mimi nikikuoza hivi hivi nitabaki na jina gani?"

Ijumaa nilisimama. Sijawahi kuona haya kama siku ile, wala kabla wala baada. Nilikiinua kibati juu, nikasema ni kengele ya baiskeli, nikasema namna ya kukirusha na namna ya kukiacha kishuke. Mtu mmoja akauliza maneno yenyewe ni yapi. Nikayasema. Walicheka, kisha kicheko kikakatika, wakaanza kutazamana. Mwenzangu wa zamu akasema kwa sauti, "Ati vali! Nasi tuna akili zetu, bwana."

Katika wiki ile kengele za baiskeli zilinyamaza njia nzima, na mwenye mkahawa wa kando ya kiwanda akawa anakorogea chai kwa kijiti. Watu walijaa juu ya tuta. Wakarusha vijiko vizima, wakavuta mbio, kila mmoja akimwangalia jirani yake badala ya kuangalia mshipi wake. Hawakupata kitu. Ijumaa ya pili hukumu ilikwishatoka: nimewapa ganda, kokwa nimeificha. Na yule mzee wa Kibuyuni je? Si walimwona kwa macho yao akimtoa samaki? Basi yeye amepewa. Mahari niliyompa ni uganga.

Maneno hayo yalifika Kibuyuni kabla ya mjomba wangu. Wenzake mzee walikuwa wameanza kuhamisha madema yao mbali na yake. Mimi nilikaa siku mbili bila ya kula vizuri, kwa sababu nilijua mtu wa namna ile, akiguswa jina lake, posa ndiyo kitu cha kwanza atakachokitupa. Mjomba aliporudi nilimkuta amevua kofia.

"Amesema mlete watu, nikaha ifungwe upesi."

"Upesi? Hakukasirika?"

"Amekasirika mpaka amekonda. Lakini amesema sasa mnashukiwa pamoja. Akikunyima binti, watu watasema mmegombana katika kugawana."

Tukafunga nikaha. Mzee alinishika mkono mbele ya kadhi na akaubana kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Mpaka alipofariki sikupata kujua kwa hakika kama alikuja pale bwawani kwa ajili ya binti yake au kwa ajili ya samaki. Nilichunguza. Sikuona kitu.

Mwezi wa kwanza wa ndoa nilileta chotara nyumbani, mkubwa, wa kujaza sinia. Mke wangu alimparua magamba, akampaka chumvi na ndimu, kisha akaacha kisu.

"Niambie mimi mkeo. Baba ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu. Nilimpa kibati."

"Baba tangu nizaliwe hajapata kubadili neno lake."

"Hakubadili neno. Aliona kwa macho yake."

Nilikwenda nikakileta kibati, nikamtilia kiganjani. Alikishika kwa ncha za vidole, akakigeuza upande huu na upande huu, akanirudishia. "Haya," akasema. Akamkaanga samaki vizuri kabisa, akamtia tui zito la nazi, akaniwekea mbele yangu. Yeye akachukua muhogo na chumvi.

Tumezaa watoto wanane. Nimejenga nyumba ya mawe kwa mikono hii. Asubuhi hii amenigombeza kwa sababu nimeacha viatu mlangoni, na mtu akimsema vibaya mumewe ataondoka na kidonda. Bwawa lenyewe limekwisha, limebaki tope na matete. Lakini miaka yote ambayo lilikuwa na maji alinipikia yule samaki, na hata siku moja hakumtia mdomoni, wala hakuwaruhusu watoto wamguse mpaka mimi niwe nimekula nusu yake. Nilikuwa nikila nikimtazama, naye akinitazama ninavyokula.